Nyuma ya Wenceslas

Katika kundi la waendesha baiskeli ishirini na watatu waliotoka Goma kwenda Bunagana na kurudi kwa siku tatu, Wenceslas alikuwa wa mwisho, na alikuwa wa mwisho kwa uamuzi wa mkutano. Alivaa jile ya njano iliyoandikwa mgongoni FAGIO. Kazi yake ilikuwa moja tu: mtu yeyote asibaki nyuma yake.

Kazi hiyo aliiomba mwenyewe. Miaka mitatu kabla, kwenye matembezi ya Sake, mnyororo wake ulikatika njiani. Wenzake walifika Goma, wakala, wakapiga picha, wakaagana. Picha ilipotumwa kwenye WhatsApp, ndipo mke wake alipouliza mume wake yuko wapi. Wenceslas hakumlaumu mtu. Alikuwa sekretere wa shule moja ya sekondari huko Murara, na alijua kwamba asiyeandikwa hahesabiwi. Akanunua daftari.

Siku ya tatu walitoka Bunagana alfajiri. Hadi Rutshuru mambo yalikuwa shwari. Baada ya Rumangabo mlima ulianza, kundi likatawanyika, na walipofika Rugari Wenceslas aligeuka kutazama nyuma, kama alivyofanya kila dakika tano. Nyuma yake kulikuwa na mtu.

Alikuwa mzee aliyevaa koti la suti, juu ya baiskeli nyeusi isiyo na gia, na gunia la maharage kwenye keria. Kuku alikuwa amefungwa kwenye usukani.

Wenceslas alipunguza mwendo ili apitwe. Mzee naye akapunguza. Wenceslas akapunguza tena, hadi baiskeli ikaanza kuyumba. Mzee akayumba pia. Mwishowe Wenceslas alisimama, akainama, akajifanya anakagua gurudumu. Mzee alisimama, akamletea pampu.

"Aksanti, muzee. Pita tu," Wenceslas alisema.

"Hapana, papa. Mi niko mugeni. Mugeni anabakia nyuma."

"Nyuma yangu haikae mutu. Ni reglema, sheria ya kikundi."

"Mi siko wa kikundi," mzee alijibu kwa upole.

Wenceslas akatoa daftari.

"Jina?"

"Ézéchiel."

"Miaka?"

"Soixante et onze." Wenceslas aliandika 71.

"Unaenda wapi?"

"Murara, kwa mutoto wangu Olive. Amezaa." Alimwonyesha kuku, kama cheti.

Wenceslas aliandika yote, akapiga mstari chini yake. "Sasa uko wa kikundi. Pita."

Ézéchiel akapita.

Kuanzia hapo safari ilibadilika. Kwenye kila mwinuko mzee alishuka na kusukuma. Kwenye kila nyumba alisalimia, na salamu zake ziligusa ng'ombe, magonjwa na ndoa za watoto. Wenceslas alisimama pembeni na jile yake akingoja. Watu wawili walimuuliza kama yeye ni mtu wa chanjo.

Simu ililia. Ni Julien, rais wa kikundi. "Wence, uko wapi? Siye tuko Kibumba, tunakungoja."

"Niko na mutu."

"Mutu gani? Batu wote bako hapa."

"Wa vingt-quatre."

Orodha ya Julien ilikuwa na watu ishirini na watatu, si ishirini na wanne. "Wa vingt-quatre wa wapi?" aliuliza, na mtandao ukakatika.

Walipofika Kibumba, kundi lilikuwa limechoka kungoja na limeanza kushuka. Kutoka hapo barabara inateremka kuelekea Goma, na Julien alikuwa ameagiza washuke polepole, mmoja nyuma ya mwenzake, mikono kwenye breki. Ézéchiel hakusikia agizo hilo. Wala hakuwa na breki. Alikuwa na ndala ya mpira wa tairi, ambayo aliikandamiza kwenye gurudumu la mbele alipoona haja. Hakuona haja mara nyingi.

Waliwakuta wenzao kwenye kona ya tatu. Mzee aliwapita wote, koti likipepea nyuma yake, akimsalimia kila mmoja kwa adabu.

Wenceslas aliona hatari mbili. Akibaki nyuma, angempoteza mzee. Akimfuata, angewaacha watu ishirini na wawili nyuma ya fagio. Kwa miaka mitatu hakuwa amempita mtu hata mmoja. Mbele, mzee alikuwa akipotea kwenye kona.

Akaachia breki.

"Julien!" alipaza sauti alipompita. "Kamata nyuma!"

Uso wake ulilowa machozi, na alijiambia ni upepo. Aliogopa sana. Pia alifurahi, jambo ambalo hakulitegemea, na hakujua aliandike wapi.

Alimpata Ézéchiel mwanzoni mwa mji, amesimama, anachungulia chini ya ndala yake. Wakaenda pamoja hadi Murara. Olive alikuwa mlangoni na mtoto mgongoni. Alimtazama baba yake, gunia, na ndala iliyotoboka.

"Papa, si nilikuambia upande gari?"

"Nimekuja na kikundi," Ézéchiel alisema.

Olive alimgeukia Wenceslas. "Na weye, kaa. Bugali iko."

Wenceslas alisema hawezi kukaa, ana watu nyuma. Ndipo simu ilipolia tena. Sauti ya Julien ilikuwa juu, na nyuma yake watu walikuwa wakizungumza wote kwa pamoja.

"Tumefika! Tumehesabu mara mbili, tuko vingt-deux, ishirini na wawili. Wawili banakosa, weye na muzee. Muko wapi? Nilishatuma batu wawafwate!"

"Sema tena," Wenceslas alisema.

Mtandao ulikuwa mzuri. Julien alirudia, neno kwa neno, kwa hasira. Wenceslas alimwelekeza nyumba, akavua jile, akaketi, akala bugali na sambaza, dagaa wa ziwani, sahani mbili. Waliotumwa kuwatafuta walipofika, Olive aliwapa na wao.