Bibi Mkorofi, Alama ya Kuuliza

Nilisikia kicheko kabla sijamwona aliyecheka. Kilitoka ndani ya ukumbi wa kanisa pale Mlowo, kicheko cha wanawake wengi kwa pamoja, kikapanda hadi kwenye mabati halafu kikakatika ghafla kama mtu amekikanyaga, na mimi nilikuwa nje namwonyesha msimamizi wangu wa chuoni mahali pa kuegesha gari, nikatabasamu (nawaambieni, nilitabasamu kabisa), nikidhani wamefurahia kazi yangu. Aibu niliyoivaa dakika mbili baadaye sijaivua hadi leo, na nikiwasimulia ninyi ni kwa sababu afadhali mnicheke mkijua ilivyoanza.

Ilianza na maajabu. Nilikuwa naandika tasnifu ya uzamili kuhusu nyimbo ambazo wanawake wa Mbozi huimba wakichambua kahawa, na marejeo yalikuwa yananitoa roho, kila nikiongeza kitabu kimoja orodha nzima inavurugika, mpaka rafiki yangu Jofrey, fundi kompyuta wa Tunduma, akanifundisha kuandikia kwenye programu ya maandishi matupu, isiyo na urembo wowote. Humo huandiki jina la mtu wala mwaka. Unaandika alama ya @ na neno fupi ulilolichagua mwenyewe, ambalo Jofrey analiita ufunguo, na habari zote za huyo mtu zinakaa kwenye faili jingine la marejeo. Ukishamaliza unatoa amri moja, na kila ufunguo unageuka jina kamili, na mwishoni mwa kazi majina yote yanajipanga kwa alfabeti, walio hai na waliokufa, maprofesa na wakulima, kama watu waliosikia kengele. Siku nilipoliona hilo mara ya kwanza mvua ilikuwa inapiga bati la duka la Jofrey, malori ya kwenda Zambia yamepanga foleni hayasogei. Nilirudia amri ile mara nne bila sababu yoyote, ili tu niwaone wakija.

"Ila faili la marejeo usilihamishe hovyo," Jofrey alisema. "Ukilihamisha, programu haimjui mtu."

Nikasema nimesikia.

Sasa, vitabu nilivipa funguo za heshima. Lakini wale wanawake niliowahoji, wawili wanaitwa Anna, nikaona niwape funguo za kunisaidia kukumbuka, kwani nani angeziona? Kulikuwa na @anna_mrefu, kulikuwa na @anna_mchoyo_wa_chai (chai yenyewe alininyima siku moja tu), na Bibi Tabita, ambaye sura tatu kati ya tano zimesimama juu ya nyimbo zake, nilimwita @bibi_mkorofi. Ukorofi wake ulikuwa huu: ukimwomba wimbo, haimbi. Kwanza anakaa vizuri, anafunga kitenge upya, kisha anaanza kutaja wanawake, fulani binti fulani aliyeolewa kwa fulani, na mimi nazima kinasa sauti ili betri isiishe, nangoja amalize, ndipo nawasha. Siku moja aliniuliza, "Mbona unakizima?" Nikamwambia nakipumzisha.

Ikafika siku ya mrejesho. Utaratibu ni kwamba wenye nyimbo lazima wasikie kazi kabla haijapelekwa chuoni, na kila mmoja aweke sahihi ya kukubali. Bibi Tabita asipokubali, sura tatu zinaondoka, nabaki na utangulizi na shukrani. Basi siku moja kabla, mimi nikaamua kufanya usafi kwenye kompyuta. Folda lilikuwa limejaa, nikahamisha faili la marejeo kwenye folda jipya, nikalipa jina zuri. Ni hilo tu. Asubuhi nikatoa amri nikiwa nimechelewa, programu ikamwaga mistari mingi ya maonyo, nikayapita kama watu wanavyoyapita matangazo ya mwisho wa ibada, nikachapisha nakala, nikazigawa ukumbini bila kufungua hata moja. (Programu ile ina tabia moja. Isipomjua mtu, hainyamazi. Inauandika ufunguo wenyewe, kwa wino mzito, na kuuwekea alama ya kuuliza.)

Tulipoingia mimi na msimamizi, Mwalimu Rehema, mstaafu waliyemchagua awasomee, alikuwa amesimama na nakala mkononi.

"Rudia hapo, Mwalimu," alisema Bibi Tabita kutoka benchi la mbele.

"Bibi, tuendelee tu."

"Rudia."

Mwalimu akakohoa. "'Wimbo huu huimbwa kahawa ikishakauka vizuri. Bibi mkorofi, alama ya kuuliza.'"

Anna mrefu alijifunika uso kwa khanga, mabega yakimtikisika. Anna wa pili hakucheka, alikuwa ameshasomewa yake. "Na vikombe viwili alikunywa," alimwambia jirani yake, kwa sauti ya kunifikia.

"Bibi mkorofi ni nani?" msimamizi wangu akaniuliza, kwa upole wa muuguzi anayeficha sindano.

"Ni mimi, Dokta," Bibi Tabita akajibu. Kisha akanigeukia. "Binti, ukorofi siukatai. Marehemu mume wangu aliniita hivyo miaka yote na alikufa ananipenda. Nauliza hii alama. Una mashaka? Kama ni mkorofi, andika mkorofi, weka nukta."

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, msimamizi naye akatazama viatu vyake. Nilitamani nigeuke ufunguo, nifichwe mahali. Nikakumbuka onyo la Jofrey, nikafungua kompyuta mezani, nikalirudisha faili mahali pake, nikatoa amri, nikawageuzia kioo. Wakaja. Popote palipokuwa na ukorofi pakasimama Tabita, binti wa Yona, mkulima wa kahawa, Mbozi. Wanawake walisogea, na kicheko kikafa chenyewe, kama kwaya inapongoja mkono wa mwalimu.

Bibi Tabita aliinama karibu kabisa na kioo.

"Huyu ni mimi?"

"Ni wewe, Bibi."

"Kote?"

"Kote."

"Na walionipa mimi wako wapi?"

Sikumwelewa, nikamuuliza akina nani.

"Wale uliokuwa unawazimia mashine."

Akanyooka. Akafunga kitenge upya. Akaanza. Wimbo wa kwanza kaupokea kwa mama yake mkubwa, Enesi, aliyeupokea kwa wifi yake aliyeolewa kutoka Isongole, naye aliusikia kwa wanawake wa ng'ambo ya mpaka walipokuja kununua mahindi. Wa pili ulitoka Ndalambo, kwa mwanamke aliyewaimbia akiwa mgonjwa ili usipotee naye. Nikawa naandika, sikuweza kuinua macho. Hakurudi nyuma, hakusita, kila wimbo na safu yake ya wanawake, na alipofika wa tano akataja jina ambalo Mwalimu Rehema alipolisikia alikaa chini taratibu, akasema, "Huyo ni bibi yangu mzaa mama. Sikujua kama aliimba."

Hapo ndipo aibu ya kwanza ilipoliwa na ya pili. Mwaka mzima nimesujudia programu inayojua nani alisema nini, na mbele yangu alikuwepo mwanamke aliyenitajia marejeo yake kila siku, kabla ya kila wimbo, kama walivyofundishwa wote kutaja kabla ya kuimba, na mimi nayazima kuokoa betri. Programu yangu ukisogeza faili moja inapotea njia. Yeye kahama, kaolewa, kazika, na hajampoteza hata mmoja. Nikaapa pale pale kwamba sitampa tena mtu ufunguo nisioweza kumsomea usoni, wala sitazima kinasa mtu akiwa bado anawashukuru waliompa.

Nikamsogezea fomu bila kumtazama. Aliandika jina lake polepole, herufi kubwa kubwa, halafu akamuuliza Mwalimu ile alama inachorwaje. Mwalimu akamchorea hewani kwa kidole. Bibi Tabita akaichora mbele ya jina lake, akairudia ikolee, na kuweka nukta yake chini.

"Nikiwakuta wote humo," akasema, "nitakuja kuifuta."

Akachukua kapu lake, akawaaga wenzake, akatoka, na mlango wa ukumbi ukajifunga nyuma yake.