Kurasa Nne za Safari ya Otieno

Kazi ya Otieno ilikuwa kupanga safari za visiwani kwa wanaume waliooana wao kwa wao, na wanawake vivyo hivyo. Ofisi ilikuwa ya mama mmoja wa Kibelgiji, Irma, karibu na uwanja wa Flagey jijini Brussels, juu ya duka la miwani. Kwa miaka kumi na moja alikaa kwenye meza ya dirishani akiwatafutia watu bahari ya joto mahali ambapo hawatafukuzwa wala kuitiwa polisi. Hakuamini matangazo. Alipiga simu hotelini mwenyewe, akataja majina mawili ya kiume, akaomba kitanda kimoja, kisha akasikiliza. Mpokezi akijibu "bila shaka" papo hapo, hoteli iliingia kwenye orodha. Akisema "subiri kidogo, bwana," ilifutwa. Alijua kisiwa ambako sheria imebadilika lakini madereva wa teksi hawajabadilika.

Sisi wa chama cha Watanzania na Wakenya hatukujua hayo. Tulijua anauza tiketi. Tulijua pia anaishi mtaa wa Evere, ghorofa ya tano, kwa mzee aitwaye Etienne, muuguzi mstaafu, ambaye mbele yetu Otieno alimwita mwenye nyumba. Etienne alipokuja kumchukua kwenye shughuli zetu, ukumbini mtaa wa Forest, alibaki ndani ya gari. Siku moja Veronica, mke wa afisa wa ubalozi, alimpelekea sahani ya pilau dirishani, akarudi akisema mwenye nyumba huyu ana moyo, anamfuata mpangaji wake mpaka Forest na mvua yote hii.

Mwezi wa pili mwaka huu Otieno alipanga safari yake mwenyewe: siku kumi Praslin, huko Shelisheli. Wateja wake hakuwapitisha Nairobi hata mara moja, lakini safari yake aliipitisha huko kwa sababu ya mama yake, ambaye hakuwa amemwona kwa miaka tisa. Yeye na Etienne wangetua asubuhi na kuondoka alasiri. Etienne angebaki ndani na wasafiri wa kuunganisha ndege. Otieno angetoka peke yake, akae na mama yake mkahawani, kisha arudi. Dada yake Pamela ndiye angemleta mama kutoka Kayole.

Chama chetu kina desturi. Anayepitia nyumbani hubeba mizigo ya wenzake, kilo mbili kila nyumba, na hutuma karatasi ya safari kwa katibu. Katibu huisambaza kwa wapokeaji ili wajue saa ya kufika uwanjani. Katibu ni mimi. Otieno alinitumia faili Jumamosi asubuhi, nami nikalipeleka kwa watu wote, waliotuma mizigo na wapokeaji, Pamela akiwemo. Niliangalia ukurasa wa kwanza tu: tarehe, namba ya ndege, saa ya kutua. Vyote vilikuwa sahihi.

Faili lilikuwa na kurasa nne. Ofisini kwao safari nzima huwekwa katika faili moja ili mteja asipoteze kitu. Otieno mwenyewe ndiye aliyeanzisha utaratibu huo. Ukurasa wa tatu ulikuwa wa hoteli. Jina lake, jina la Etienne, chumba kimoja, kitanda kimoja, na chini yake: wanandoa, mwaka wa nane wa ndoa, tafadhali msiweke maua kitandani, mmoja ana pumu.

Kesho yake tulikutana ukumbini Forest kupima mizigo. Otieno alifika mchana na masanduku mawili matupu na mizani ya kuning'iniza.

"Karibu, bibi harusi," Veronica alisema.

Otieno alicheka. "Nani anaolewa?"

"Umeshaolewa wewe. Miaka minane, na hata keki hatukuonja." Aliinua simu yake. "Jamani, mwenye nyumba hataki maua kitandani. Yanamkohoza!"

Ukumbi uliangua kicheko. Rahim, mwenyekiti wetu, mtu wa Mombasa, alipangusa machozi. "Kumbe ndiyo maana hajawahi kulalamikia kodi!"

Kahambu, mama wa Kikongo anayetunza ukumbi, aliuliza kutoka mlangoni, "Bon, donc ule muzee wa mu gari ni bwana yake?"

"Ndiye, maman."

"Ah! Na mimi nilimupatiaka chai na kikombe yangu."

Otieno alisimama na mizani mkononi. "Tuanze," alisema. "Nani wa kwanza?"

Veronica alichukua mfuko wake mezani. "Nguo za mjukuu wangu haziingii humo. Siwezi, Otieno." Rahim alichukua viatu vya baba yake. Wakafuata wengine, mmoja mmoja, na waliocheka zaidi ndio waliosema "samahani, ndugu" kwa adabu zaidi. Mimi nilichukua miwani ya dada yangu.

"Hata wewe, katibu?"

"Nitaituma kwa posta."

Aliuliza jambo moja tu: faili limefika kwa nani. Nikamsomea orodha. Nilipotaja Pamela, alikaa juu ya sanduku.

Jumatano alinijia nyumbani na kunionyesha ujumbe wa dada yake. "Mama hajui. Nimemwambia safari imeahirishwa. Ukitoka nje ya uwanja nitampa ukurasa wa tatu asome, na presha yake unaijua."

"Mpigie Pamela," Otieno alisema. "Mwambie ofisi imechanganya, huo ni ukurasa wa mteja mwingine. Wewe ni katibu, atakuamini. Nakuomba."

Nilimwambia sisemi uongo kwa jina la chama. Aliniambia asante, akafunga mlango polepole.

Yaliyofuata nilielezwa na Etienne mwezi wa nne, tulipokutana kwenye kituo cha tramu Evere. Tiketi hazikuweza kubadilishwa. Walitua Nairobi na wote wawili wakabaki ndani, wakitazama maegesho ya magari kupitia kioo. Karibu adhuhuri mama yake alipiga simu. Etienne hajui Kiswahili. Baadaye, ndegeni, Otieno alimtafsiria mazungumzo yale neno kwa neno.

"Mwanangu, baridi ya huko imepungua?"

"Imepungua, Mama."

Hapo kipaza sauti kikawaita abiria wa Entebbe, kwa Kiswahili, wakimbilie mlangoni.

"Otieno. Uko wapi?"

"Kazini, Mama. Ni redio."

"Redio ya Brussels inaita watu wa Entebbe?" Akashusha sauti. "Pamela ameenda sokoni. Kama uko hapo uwanjani niambie tu, nivae viatu, nije mwenyewe na basi."

"Siko hapo, Mama."

"Haya," mama alisema, akakata simu.