Wanja wa Siku ya Saba

Mjukuu wangu wa kwanza alizaliwa miaka ya tisini, hapa hapa Mji wa Kale, na kumtia wanja ilikuwa kazi yangu. Kwetu mtoto hapiti siku ya saba macho matupu. Jiwe la wanja nililinunua mtaa wa Ndia Kuu kwa muuza udi, nikalitwanga siku tatu, nikauchekecha unga wake kwa kitambaa chembamba cha melimeli mpaka ukiushika vidoleni husikii chembe.

Mdogo wangu, mwalimu wa skuli, alikuja kumtazama mtoto akanikuta natwanga. Akaniambia ile pombe kali Wazungu waiitayo alkoholi, jina wamelitoa kwa Waarabu: al-kuhl, wanja huu huu. Nikamwambia asitaje najisi penye mtoto mchanga. Akacheka, akaendelea. Ati kwanza lilikuwa jina la unga wa jiwe hili. Baadaye wakaita hivyo unga wowote uliosagwa ukalainika kabisa. Mwisho wakaita hivyo kile kiini cha mvinyo kinachotolewa kwa moto.

"Wewe dada umewashinda hao Wazungu," akasema. "Kitu kikisagwa hivi hakikai nje. Huingia."

Nikaona ananisifu.

Siku ya saba nikampaka mtoto, nikamchora na nyusi. Siku ya tisa jicho la kushoto likavimba, likajaa tongo za kijani. Binti yangu akasema tumuoshe. Nikamkatalia. Yeye na nduguze sita niliwapaka mimi, nani kapofuka? Nikaongeza wanja, maana nilifunzwa wanja ndio dawa ya macho. Kesho yake mtoto akaacha kulia. Nikawaambia, mwaona. Sikutaka kusema kwamba alikuwa hanyonyi pia.

Siku ya kumi na mbili binti yangu akavaa buibui, akambeba mtoto, hakuniaga. Nikamfuata hadi hospitali. Daktari akafuta lile jicho kwa pamba, ikatoka nyeusi. Akatwaa nyingine, nayo nyeusi. Akauliza nani kampaka. Binti yangu akainamia sakafu, hakutaka kunitaja.

"Ni mimi," nikasema.

Daktari hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliwasha tochi, akammulika jicho la kulia, mtoto akalifinya. Akaihamisha tochi kushoto, akaishika pale pale kitambo kirefu, mtoto hakulifinya, kisha, bila kututazama, akamwita daktari mwenzake aje aone.