Meza ya Pili ya Seremala

Siku ya kwanza Mama Punguza alipoingia karakana ya seremala mmoja mzee, alimkuta akinoa patasi aliyokwisha kuitangaza kuwa anaiuza. Hilo lingemshtua. Nani anahangaika kunoa kitu kinachoondoka? Lakini macho yake yalikuwa kwenye mali: randa saba ukutani, misumeno iliyopakwa mafuta isishike kutu, na majiliwa mawili ya kubania mbao, ya chuma cha zamani, yale ambayo ukiyaangusha, kinachopasuka ni sakafu.

"Bei, fundi?"

Fundi akataja.

"Punguza."

"Kumbe ndiyo maana wanakuita hivyo."

"Wananiita hivyo nikiwa sipo. Punguza."

Kazi yake ilikuwa kununua karakana za waliochoka, waliohama na waliokufa, kisha kuziuza kipande kimoja kimoja. Kanuni yake haikuwahi kumwangusha: taja bei yako, geuka, nenda zako. Muuzaji mwenye shida huita hatua ya tatu. Mwenye kiburi huita ukifika mlangoni. Siku ile alifika mpaka kwenye kona ya barabara bila kusikia sauti. Alipogeuka, mzee alikuwa ameinamia jiwe lake la kunolea.

Wiki ya pili akapandisha bei, jambo ambalo hulifanya kwa nadra kama kung'oa jino.

"Bei nzuri," fundi akasema.

"Basi nilete gari."

"Ngoja Jumamosi."

Jumamosi ikafika. "Ngoja kidogo tena, mama."

"Fundi, unanizungusha kama mchumba! Kama umeghairi, sema."

"Sijaghairi. Nimewaambia watoto kwamba nauza. Wa kike muuguzi, wa kiume mpima ardhi. Wote wako mbali."

"Kwani mali ni yao?"

"Ni yangu. Mzazi halazimiki kuacha kitu. Mimi baba yangu aliniachia kikohozi tu. Nimewasomesha kwa mbao hizi, kazi yangu nimemaliza."

"Hapo tuko pamoja. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Binti yangu nimeshamwambia, nikifa asijisumbue kupekua chini ya godoro." Akamtazama mzee. "Sasa unasubiri nini?"

Fundi akapuliza vumbi kwenye patasi. "Mmoja wao aseme, 'Baba, usiuze.' Aseme tu. Halafu nitauza."

Mama Punguza alikuwa ameshakutana na wauzaji wa kila aina, ila huyu wa kusubiri kukatazwa alikuwa mgeni. Akaenda kukagua mali upande wa nyuma. Chini ya turubai akakuta meza ya pili ya kufanyia kazi, nzito, imara, haina hata mkwaruzo. Tatizo, jiliwa lake lilikuwa limefungwa kulia badala ya kushoto.

"Hii nani aliiharibu?"

"Haijaharibika. Yule wa kiume ni mashoto. Alipokuwa mdogo, kila akishika randa kwenye meza yangu kiwiko kinagonga jiliwa. Nikamtengenezea yake. Nilitumia vipande vilivyobaki kwenye kazi za watu, ikanichukua mwaka na nusu. Wiki niliyoimaliza ndiyo wiki aliyofaulu kwenda shule ya bweni."

"Alisemaje alipoiona?"

"Hakuiona. Angeiona, angebaki."

Fundi akalirudisha turubai mahali pake.

Simu ikalia palepale. Fundi, kwa sababu ya masikio yake mazito, huwa anafungua sauti mpaka mtaa mzima unasikia.

"Shikamoo baba. Tumezungumza na dada. Wewe uza. Urithi wetu ulishatupa, ni shule. Hatutaki hata msumari. Kula jasho lako, baba yetu."

Kijana aliyasema kwa mapenzi, tena taratibu, kama aliyejizoeza kuyasema. Fundi akashukuru kama mtu mwenye njaa aliyeletewa maji.

Mama Punguza akajua bei sasa itashuka. Ila alitaka kufunga mlango mmoja kwanza, maana watoto wa watu hawataki kitu mpaka waone gari linaondoka.

"Mwanangu, mimi ndiye mnunuzi. Na hii meza ya mashoto naibeba? Msije mkanidai kesho."

"Meza gani?"

"Mama, achana nayo," fundi akanong'ona.

"Yenye jiliwa kulia."

"Baba, hiyo ni ya nani?"

"Mbao tu hizo, baba," fundi akasema.

"Gari linakuja lini?"

"Kesho," Mama Punguza akajibu. Kisha akakata bei ya ile meza nusu, kwa hoja kwamba mteja mashoto atamtafuta mpaka azeeke. Fundi hakubisha.

Kijana alifika kesho yake na begi dogo. Gari lilikuwa limeshapakiwa, na kwa kuwa kizito hutangulia, meza ilikuwa chini ya kila kitu. Alikuwa na chumba kimoja cha kupanga, ghorofa ya tatu, na alikiri mwenyewe kwamba meza ile isingepita hata kwenye ngazi. Alichoomba ni saa moja.

"Wapagazi ni wako saa hiyo," Mama Punguza akasema, "uwalipe wewe."

Akawalipa. Meza ikashushwa uani. Kijana akabana ubao, akashika randa, akasukuma. Randa ikaruka, ikakwama, ikachimba.

"Si mkono," baba yake akasema. "Kiuno." Akamshika kiunoni kwa mikono miwili, akamsukuma taratibu kutoka nyuma, mpaka utepe mmoja mrefu wa mbao ukajikunja na kuanguka. Kisha mwingine. Saa ilipokwisha, wapagazi wakaibeba meza.

Mama Punguza aliondoka na karakana nzima kwa bei aliyoitaka, saa moja ya biashara imempotea na meza moja ambayo hakujua atamuuzia nani. Fundi alipata fedha pungufu kuliko alizoahidiwa wiki ya pili, na neno alilolisubiri hakuna aliyelisema. Kijana alikosa basi.

"Na kazini?" mzee akauliza.

"Watanisubiri."

Karakana ilikuwa tupu, haina hata kigoda. Wakakaa chini, juu ya maranda ya mbao.