Enid Alisema Jikoni

Clem Yarnold alizaliwa katika mji wa Tamsbury, akafanya kazi kiwanda cha ngozi cha Tamsbury, akacheza raga timu ya tatu ya Tamsbury, katikati ya mstari wa mbele wa skramu, ule msukumano wa vichwa na mabega, pale masikio yanapovunjika. Akaoa hapo hapo. Hakuwahi kupotea njia maisha yake yote, mpaka mkewe Enid alipofariki mwezi wa Januari.

"Nipelekeni jikoni," alisema Enid kitandani. Clem alisikia akiwa mlangoni. Usiku ule Enid akaenda zake.

Waliuchoma mwili wake, kama alivyotaka. Binti yao Gaynor akaleta kopo la majivu nyumbani, akaliweka jikoni, kwenye rafu, kati ya birika na sukari.

"Si ndivyo alivyosema mama?"

Clem aliitazama birika. Jiko alilolijua yeye halikuwa na birika. Lilikuwa jukwaa la kusimama kwenye uwanja wa zamani wa raga, kando ya mto, chini ya mabati. Watu walibanana humo, makoti yamelowa, mvuke ukipanda kama sufuria iliyofunuliwa. Ndiyo maana likaitwa Jiko. Enid alisimama humo tangu usichana wake, akiwatukana marefa mpaka wanageuka kumtazama. Clem naye aligeuka.

Kisha akaja Perce Tudge, aliyekuwa bega kwa bega na Clem kwenye skramu. Alikuja kunywa chai ya msiba. Akaliona kopo.

"Wewe Clem! Mke wako umemweka na sukari?"

"Ni Gaynor."

"Enid alikuwa anasema Jiko, mzee. Jiko letu! Hilo nalo la kuuliza?"

"Jiko lipi?"

Perce akaweka kikombe chini.

Kwa maana Jiko lilikuwa limehama. Klabu ilianzishwa na wachuna ngozi, na kwa zaidi ya miaka mia watu walicheza bure, malipo yao bia na pai ya nyama baada ya mechi. Mwaka wa tisini na tano wakubwa wa raga wakaruhusu wachezaji walipwe. Akaja tajiri kutoka nje, akainunua klabu. Akauza uwanja wa mtoni, akaipeleka timu uwanja mpya kando ya barabara kuu. Jezi ya rangi ya damu ya ng'ombe akaivua, akavalisha ya buluu, akaiita timu Fisi-Maji. Watu waliponung'unika, akaandika JIKO kwa herufi kubwa juu ya jukwaa la viti vya plastiki.

Wenye hasira wakajitenga. Wakaanzisha Tamsbury ya Kale, nyuma ya mnada wa ng'ombe, wakabeba na mabati ya Jiko. Hao wanasema klabu ni wao. Wale nao wanasema ni wao. Enid alienda Jumamosi hii huku, Jumamosi ijayo kule, akatukana marefa wa pande zote mbili. Clem hakuwahi kumuuliza ipi yake. Angemuuliza lini? Alijua yupo siku zote.

Gaynor alikuwa anarudi kwake Jumapili, na alitaka mama yake awe amepumzishwa kwanza. Basi Jumamosi asubuhi wazee wawili wakaingia kwenye gari la Perce, kopo mapajani mwa Clem.

Uwanja mpya, mlinzi aliwasikiliza kwa adabu.

"Babu, nyasi hizi ni za plastiki. Ukimmwaga hapa, Jumatatu mashine inamfyonza."

Uwanja wa zamani sasa ni duka kubwa. Clem alisimama kati ya majokofu.

"Hapa?"

"Sogea kushoto," alisema Perce. "Hapo hapo. Kwenye samaki."

"Enid hakupenda samaki."

Kule kwa Tamsbury ya Kale, mabati yalikuwa yameezekwa kwenye kibanda cha mashine za kukata nyasi.

"Mabati ni yale yale," alisema Perce.

"Mabati ndiyo Jiko?"

"Sasa nini, kama si mabati?"

"Sijui. Watu."

"Watu wamekufa, Clem. Tumebaki mimi na wewe, na mimi goti langu moja si langu."

Wakarudi na kopo lao. Gaynor alikuwa anamenya viazi.

"Baba, mnamzungusha mama kama kapu la sokoni!"

"Natafuta Jiko alilosema."

Gaynor aliweka kisu chini.

"Alisema anasikia baridi. 'Baridi hii. Nipelekeni jikoni.' Kwenye jiko la moto, baba. Hapa."

"Alisema baridi?"

"Mwanzo kabisa. Wewe ulikuwa chini unasikiliza matokeo kwenye redio. Ulipopanda, maneno yake yalikuwa yamebaki nusu."

"Tukamleta?"

"Muuguzi alikataza asisogezwe."

Clem akakaa. Perce akakuna sikio lake lililokunjamana.

"Lakini mtu akisema baridi... Kwani Jikoni kulikuwa na joto? Kuna mwezi wa pili tulitoka humo vidole vimekufa. Huenda alikuwa anakumbuka kule."

"Mjomba Perce, kunywa chai yako."

"Nasema tu."

Clem aliwatazama wote wawili. Kila mmoja akisema, aliona ni kweli. Akavuta kigoda, akakiweka karibu na jiko la moto, akaweka kopo juu yake.

"Na kesho?" aliuliza Gaynor.

"Wewe nenda, mwanangu. Mama yako anabaki hapa."

"Una uhakika?"

"Sina."

Clem alisubiri kidogo. Enid hakuwa mtu wa kunyamaza mume wake akikosea. Angesema sasa hivi, mbele ya wageni.

Alinyamaza. Clem akaongeza moto.