Jiwe la Kabla ya Iganga

Juzi, kwenye dirisha la tiketi za basi hapa Tororo, mbele yangu alisimama mzee wa Kirewa, rozari shingoni. Foleni ilikuwa ndefu, akanisimulia. Yeye na mkewe walikuwa wakienda hija Namugongo kwa miguu, vipande vipande: siku tatu kila mwaka, kisha basi la kurudi shambani. Mwaka uliofuata basi liliwashusha pale pale walipokomea. Sasa mke amefariki, na mzee anataka kuimaliza hija hiyo.

"Niandikie jiwe nyeupe, kabla ya Iganga," alimwambia mkata tiketi. "Hapo tuliachia."

"Jiwe hiyo haiko, mzee. Walipanua barabara, wakaitoa," alisema mkata tiketi, akimpa tiketi ya Iganga.

Mzee aliisukuma tiketi irudi dirishani kwa kidole kimoja. "Basi naanza tena na hapa."

"Lakini ile mlitembea inahesabiwa."

"Mwenye kuhesabu alikuwa mke wangu."

Basi letu lilimpita hata kabla hajatoka mjini, amevaa kandambili, ameshika ukingo wa lami. Wakubwa hutuambia barabara mpya imefupisha safari. Kwetu tuliokaa ndani ya basi ni kweli. Yeye imemrudisha mwanzo.