Kidoa Chini ya Jicho

Kibali cha kutoka kilikuwa kimoja tu kwa kila nyumba, na katika nyumba ya akina Tabuga pale Pavia, Ufilipino, kilining'inia shingoni mwa Gemalyn. Alikivaa kama medali. Akienda sokoni kilikuwa kifuani, akirudi kilikuwa kifuani, na Perpetua, wifi yake, aliapa kwamba hata akilala huwa amekibana kwapani.

Perpetua hakuweza kukiazima. Alikuwa na miaka sitini na mmoja, na wakati ule wa korona waliovuka sitini walifungiwa ndani pamoja na watoto.

"Kazini kwangu Winnipeg mimi ndiye ninayewaogesha wazee," alilalamika. "Huku nimegeuzwa mzee wa kuogeshwa."

"Basi oga, wifi, maji yapo," Gemalyn alimjibu toka jikoni.

Perpetua alikuwa amekuja mwezi wa pili kumzika mama yake, akae wiki tatu arudi zake Kanada. Sala za siku tisa zikaisha, halafu ndege zikaacha kuruka. Mwezi wa sita kadi yake ya ukaazi wa kudumu ikaisha muda, naye yuko upande huu wa bahari. Kadi ya namna hiyo watu wa ndege hawaitaki hata kuiona. Ilibidi aombe kwanza hati ya safari, karatasi ya kumrudisha mara moja tu, kadi mpya aishughulikie akifika.

Lakini kilichomkosesha usingizi kilikuwa siku. Mkaazi wa kudumu sharti awe ameishi Kanada siku mia saba na thelathini ndani ya miaka mitano, na Perpetua alikuwa amekula siku nyingi akija kumuuguza mama. Binti yake Charisse alimpigia kutoka Winnipeg.

"Mama, nimehesabu mara tatu. Mwisho ni tarehe ishirini mwezi wa kumi. Hadi hapo ukaazi wako umelala tu. Ikipita siku hiyo uko huko, umekufa."

"Usiseme kufa, mwanangu. Nyumba hii imetoka msibani."

Mwezi wa saba Gemalyn alimsimamisha kwenye ukuta mweupe wa jikoni, akampiga picha kwa simu, akaondoka na fomu zote kwenda kuzisafisha picha studio kwa Boyet. Perpetua alimsubiri azilete azione. Gemalyn akarudi na samaki wakavu na mikono mitupu.

"Bahasha iko wapi?"

"Nimeshaituma Manila. Foleni ilikuwa fupi, nikasema nisipoteze bahati."

"Nani alikuambia uitume kabla sijaziona picha?"

"Wifi, sura yako unaijua. Ya kuitazama tena ya nini?"

Hapo ndipo punje ya kwanza ya shaka ilipoanguka, nayo ilikuta udongo una maji. Gemalyn aliwahi kuomba viza ya Kanada mara mbili, akanyimwa mara mbili. Mumewe Hermie, kaka yake Perpetua, alikuwa baharia na meli yake ilikuwa imekwama bandari isiyowapokea. Mwanamke huyu akibaki tena peke yake na nyumba nzima, atafurahi? Perpetua alianza kumchunguza. Simu ikilia, Gemalyn anaichukua hadi penye beseni za kufulia. Honi ya pikipiki ya mzigo ikilia langoni, anatoka mbio hata kama ana povu hadi viwikoni. Na mezani, wakila mbaazi zilizopikwa na fenesi na nyama ya nguruwe, anatupa neno kama mtu anayetupa mfupa.

"Si ubaki tu, wifi? Huko kwenu baridi inakata masikio."

Perpetua alitafuna polepole. Mwezi wa nane ukaisha bila jibu lolote kutoka Manila.

Katikati ya mwezi wa tisa, Gemalyn akiwa sokoni, Perpetua aliingiza kikombe kwenye pipa la mchele kikagonga kitu kisichokuwa mchele. Akachimba kwa mkono. Ilikuwa bahasha yenye jina lake, imefunguliwa, na muhuri wa Manila ulikuwa wa wiki tatu nyuma. Ndani mlikuwa na fomu zake zote na barua ya mistari minne: picha hailingani na sura iliyo kwenye kadi ya zamani, leta nyingine isiyotengenezwa.

Akazitazama picha. Mwanamke yule alivaa blauzi ya kola ambayo Perpetua hajapata kuimiliki, ngozi imelainika kama yai lililomenywa, na chini ya jicho la kushoto, mahali palipokuwa na kidoa cheusi tangu azaliwe, hapakuwa na kitu.

Gemalyn aliporudi alimkuta ameketi, picha zimepangwa mezani kama karata.

"Huyu nani?" Perpetua aliuliza.

Gemalyn aliweka kikapu chini taratibu. "Ni wewe, wifi."

"Kidoa changu kiko wapi?"

"Nilimwambia Boyet akifute." Alikuwa anasema na sakafu. "Kidoa kikikaa kwenye njia ya machozi kinaita machozi, unajua mwenyewe. Umekuwa mjane ukiwa na miaka arobaini. Mama kafa. Ndege zimegoma. Nikasema angalau karatasi moja ikuone bila mkosi, labda mlango utafunguka."

"Na hii kola?"

"Kola ni bure. Boyet anamvisha kila mtu."

Perpetua nusura acheke. Akajizuia, maana kicheko kingemponyesha mtu kabla hajakiri.

"Na kwenye mchele bahasha ilifuata nini?"

"Niliona aibu. Nikasema nitaitengeneza kimyakimya kabla hujajua, lakini Boyet akawekwa karantini. Muulize!"

Perpetua aliuliza papo hapo, kwa simu, sauti ikiwa juu ili Gemalyn naye asikie.

"Boyet, ulifungiwa siku ngapi?"

"Kumi na nne, Manang," Boyet alijibu, akimwita dada mkubwa kwa kienyeji. "Wiki iliyopita nimetoka. Mbona, kuna mtu anasema nina korona?"

Alikata simu. Wiki tatu ni siku ishirini na moja. Ukitoa kumi na nne zinabaki saba.

"Hizo saba ulikuwa unafanya nini, Gemalyn?"

Gemalyn aliokota kikapu, akaanza kuosha samaki. Maji yalitiririka muda mrefu kuliko samaki wale walivyohitaji.

Kesho yake Boyet alikuja hadi langoni, barakoa juu ya barakoa, Gemalyn akashika shuka jeupe nyuma ya Perpetua.

"Usitabasamu, Manang."

"Nitabasamie nini? Na ukigusa hata kipele, nakuvunjia kamera."

"Kola je? Kola moja tu!"

"Boyet!"

Bahasha hiyo Perpetua aliifunga mwenyewe kwa gundi na utepe, akamwita mtu wa pikipiki hadi langoni, akamkabidhi mkononi, akasimama akimtazama mpaka alipokata kona. Hati ya safari ilifika tarehe kumi na mbili mwezi wa kumi. Tiketi iliyopatikana ilikuwa ya tarehe kumi na saba.

Asubuhi ya kuondoka alikwenda kumuaga mama kwenye kimeza cha sala. Pembeni ya picha ya marehemu, mshumaa ukiwaka mbele yake, palikuwa na ile picha ya mwanamke mwenye kola asiye na kidoa.

"Umeniwashia mshumaa kama maiti?"

"Si wewe, wifi," Gemalyn alisema nyuma yake. "Wewe unaondoka. Huyo ndiye anabaki na mimi."

"Tangu lini yuko hapa?"

"Tangu Boyet alipozisafisha. Alikuwa nyuma ya fremu ya Mama."

"Na ulikuwa unamwombea nini? Niende, au nibaki?"

Gemalyn alikinyoosha kile kibali kifuani, ingawa hakikuwa kimepinda.

"Teksi imefika," alisema, akabeba sanduku zito kuliko yote.

Kwenye kaunta ya ndege Manila, kijana mwenye glavu aliitazama hati, akamtazama Perpetua, akaitazama tena.

"Shusha barakoa, mama."

Aliishusha hadi kidevuni, akageuza shavu la kushoto kwenye taa ili kidoa kionekane vizuri. Kijana akaangalia pale chini ya jicho, akagonga muhuri.

"Pita."

Zilikuwa zimebaki siku tatu. Perpetua alipita, na njiani kote hadi mlango wa ndege alikuwa akizipima zile siku saba za bahasha ndani ya mchele.